Je, wajua kwa nini maharage mengine hugoma kuiva?

Unanunua kilo ya maharage ya njano kwa muuzaji mmoja, na wiki inayofuata unachukua kilo nyingine kwa jirani yake. Rangi ni ileile, ukubwa uleule, bei karibu sawa. Ya kwanza yanaiva kwa saa moja na nusu. Ya pili yanachemka tangu asubuhi, unaongeza maji, unaongeza mkaa, na mchana bado yanagonga kwenye mwiko. Wengi humlaumu mpishi au jiko. Kumbe shida imo ndani ya punje, na mara nyingi ilianza miezi mingi kabla maharage hayajafika jikoni.

Jambo hili si dogo kwa familia inayohesabu kila shilingi. Gramu 100 za maharage makavu zina protini ya gramu 21 hadi 24, na ndani yake mna nyuzinyuzi nyingi, madini ya chuma na folati. Ni vigumu kupata nyama ya kiwango hicho cha protini kwa bei hiyo. Lakini bei ya sokoni ni upande mmoja tu wa hesabu; upande wa pili ni mkaa au gesi. Wako watu wanaoyapenda maharage na bado huyapika mara chache, kwa kuwa moto wake ndio unaowashinda.

Ukiikata punje ya haragwe, utakuta imejengwa kwa seli nyingi mno zilizobanana. Kinachozishika pamoja ni pektini, inayofanya kazi kama udongo katikati ya matofali. Haragwe kuiva maana yake ni pektini hiyo kulegea kwa moto na maji, seli zikaachana, na wewe ukaonja ulaini. Sasa, pektini ikishikana na kalsiamu na magnesiamu hukaza, na moto huchukua muda mrefu kuilegeza.

Haragwe lina kalsiamu na magnesiamu yake tangu shambani. Likiwa jipya, sehemu ya madini hayo imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, ambako hayasumbui. Likikaa kwa muda mrefu penye joto na unyevu, kimeng'enya kilichomo ndani ya punje huivunja fitati polepole. Madini yanaachiwa huru, yanasogea hadi kwenye pektini na kuikaza. Fikiria basi safari ya gunia linalotoka Mbeya au Kagera, kwenye baridi, likashushwa Dar es Salaam kwenye ghala la mabati lenye joto na unyevunyevu wa pwani. Likikaa humo miezi minane, punje zitaonekana nzima na safi kabisa, ila zimeshabadilika. Dalili ambayo macho huweza kuiona ni rangi: maharage ya njano huelekea kahawia, na yale mekundu hupoteza mng'ao na kuwa na weusi.

Maji unayopikia nayo yana mchango wake. Visima vya kwenye mawe ya chokaa na matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani na Unguja, hutoa maji yenye kalsiamu nyingi. Ni maji yaleyale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kukataa kutoa povu la sabuni. Ukiyapikia maharage, unaongeza kile hasa kinachoikaza pektini. Mwenye maji ya mvua ayatumie kwa maharage, tofauti ataiona.

Na hapa ndipo ilipo hekima ya bibi zetu ya kuchemsha kwanza na kuunga baadaye. Nyanya, ukwaju na ndimu vina asidi, na pektini kwenye asidi huwa imara zaidi. Ukitia nyanya mwanzoni, unaweza kuongeza muda wa kupika kwa saa nzima au zaidi. Maharage yakishalainika, nyanya haiwezi tena kuyarudisha kuwa magumu, kwa hiyo unga upendavyo: kitunguu, karoti, hoho, kisha tui la nazi kwa anayeipenda.

Chumvi ni habari nyingine. Tumelelewa tukiambiwa isitiwe mapema kwa sababu inayafanya maharage yawe magumu. Ukweli ni kinyume, hasa wakati wa kuloweka. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu na magnesiamu kwenye ganda, na ganda likalainika bila kupasukapasuka. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji kinatosha. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, pika kwa maji mapya. Mwenye presha anayezuiwa chumvi aloweke kwa maji matupu.

Magadi hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu kubwa zaidi, maana yana sodiamu na pia huyafanya maji yawe kinyume cha asidi, hali ambayo huivunja pektini haraka. Ndiyo sababu yamependwa kwa karne nyingi. Mimi siyashauri kwa chakula cha kila siku, hasa cha watoto. Magadi huharibu vitamini B1, na yale yanayochimbwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron, yanaweza kuwa na floridi nyingi, madini yanayoyatia meno ya mtoto madoa ya kahawia yasiyofutika. Kuloweka usiku kucha ni bure, na hakumdhuru mtu.

Kuloweka kuna faida nyingine inayowahusu wale wanaoogopa tumbo kujaa gesi. Gesi hiyo hutokana na sukari za aina ya rafinozi na stakiozi, ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga; bakteria wa utumbo mpana ndio huzila na kutoa gesi. Sehemu yake huyeyukia kwenye maji ya kulowekea, ndiyo maana maji hayo humwagwa. Ukichunguza bakuli asubuhi utaona pia punje chache ambazo hazikuvimba kabisa. Hizo zitoe. Ganda lake limefunga, na zitabaki mawe hata wenzake wakiiva.

Wanaoishi nyanda za juu wana mzigo wa ziada. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa karibu nyuzi 94. Sufuria inatokota vilevile, lakini joto ni dogo, na kuchochea moto hakutaliongeza. Presha kuka huufunga mvuke hadi maji yafike karibu nyuzi 120. Ni ghali kuinunua, ila kwa nyumba inayopika maharage mara tatu kwa wiki hurudisha fedha yake.

Usalama nao usisahaulike. Maharage, hasa mekundu, yakiwa mabichi yana sumu ya asili, lektini. Punje nne au tano tu ambazo hazijaiva zinaweza kumletea mtu kutapika na kuhara. Kuchemsha kwa nguvu huiua. Anayepikia kwenye kikapu cha kuhifadhi joto lazima kwanza ayachemshe kwa moto mkali dakika kumi kamili, na zikiwa thelathini ni bora zaidi, kabla ya kuyafunika. Joto la chini pekee halitoshi.

Kuhusu madini ya chuma, haragwe linayo ya kutosha lakini mwili huyafyonza kwa shida. Kachumbari yenye ndimu, au chungwa baada ya kula, husaidia sana kwa sababu ya vitamini C. Chai ya rangi huzuia, hivyo ni vizuri isubiri saa moja hivi, hasa kwa wajawazito na wenye upungufu wa damu.

Na siku uliyosahau kuloweka? Pika adesi. Zile nyekundu zilizokobolewa na kupasuliwa hazina ganda, maji huingia pande zote, na kwa dakika 20 zimekuwa rojo tayari kuungwa. Choroko, ambazo Wakenya huziita ndengu, huchukua kama dakika 40, kwa kuwa punje ni ndogo na ganda jembamba.

Sokoni, usinunue debe zima kwa kutazama tu. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, chukua robo kilo, ukaloweke usiku huo na kuyapika kesho yake. Yakiiva vizuri, rudi ununue gunia lilelile kabla halijaisha, na nyumbani uyaweke kwenye chombo kikavu kinachofunga vizuri, mbali na jiko.