Picha Isiyocheza Bila Tripodi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Ukiona picha yako ina ukungu, usikimbilie kununua tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu. Ivute kwenye skrini hadi asilimia 100 kwanza, uone imeharibika vipi. Kama kila kitu, mawe, majani na nguzo ya umeme, kimejirudia kuelekea upande uleule, kamera ilitikisika. Kama ukuta uko safi ila mwendesha boda ndiye amefutika, ni yeye aliyesonga. Na kama nyasi zilizo mbele yake zinahesabika moja moja huku uso wake hausomeki, fokasi, yaani mahali lenzi inapolenga kuonyesha safi, ilitua mahali pasipo pake. Tripodi inatibu tatizo la kwanza tu, nalo lina dawa nyingine za bei ya chini.

Dhana: Ukiwa na mkono uliotulia, picha itatoka safi

Hakuna mkono uliotulia kabisa. Pumzi na mapigo ya moyo vinausukuma muda wote, na lenzi ndefu huukuza msukumo huo. Kinachookoa picha ni kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi. Kanuni ya siku nyingi inasema: gawa sekunde moja kwa urefu wa lenzi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Lenzi ya milimita 50 isishuke chini ya 1/50, ya milimita 200 isishuke chini ya 1/200.

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo ilitungwa enzi za filamu ya milimita 35. Kamera nyingi za kuanzia zina sensa (kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) ndogo kuliko filamu hiyo, kwa hiyo zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5, au kwa 1.6 ikiwa ni Canon. Lenzi ya 200 sasa inahesabika kama ya 300 na zaidi, na 1/200 haitoshi tena. Panda hadi 1/320. Ukiwa na mazoea ya kuikata picha ili ndege aonekane mkubwa, panda hadi 1/640, maana kuikata kunaukuza mtikisiko pamoja na ndege.

Usiiachie kamera ikuamulie. Zungusha kitufe hadi Tv kwenye Canon, au S kwenye Nikon na Sony, weka kasi unayoitaka, kisha iache ISO (namba ya wepesi wa kamera kupokea mwanga) ijipange yenyewe huku ukiiwekea kikomo cha 6400.

Dhana: Kizuia mtikisiko hugandisha kila kitu

Herufi za IS, VR au OSS kwenye lenzi zina maana kwamba kuna kioo ndani kinachosogea kuyafuta matikisiko ya mkono wako. Kikikuokolea hatua tatu (kila hatua hupunguza kasi kwa nusu), unaweza kushuka kutoka 1/200 hadi 1/25 na ukuta wa jengo ukatoka safi. Lakini hakijui lolote kuhusu kinachotembea mbele yako. Boda inayokwenda kilomita 40 kwa saa pale Oginga Odinga Street, Kisumu, inasafiri takriban sentimita 37 ndani ya 1/30 ya sekunde. Kwa 1/1000 inasogea sentimita moja na kidogo tu. Mtu anayetembea aanzie 1/250. Mdiria, ndege mvuvi, anayepigapiga mabawa juu ya maji ya Dunga kabla ya kuchupa anahitaji 1/2000, na hapo kizuia mtikisiko hakina kazi kubwa.

Kifaa hicho pia kinahitaji muda wa kutulia. Bonyeza kitufe nusu, subiri kama nusu sekunde hadi picha iache kuelea kwenye kitundu cha kuchungulia, ndipo umalizie. Wanaokibonyeza kwa pupa mara moja hadi chini hupoteza faida waliyoilipia.

Dhana: ISO kubwa huharibu picha

Hii ndiyo dhana inayoharibu picha nyingi zaidi msituni Kakamega. Chini ya miti ile mwanga ni haba hata saa sita mchana. Kwa ISO 100 na f/5.6 (namba ya f ni ya tundu la lenzi; ikikua, tundu hupungua) kasi inaweza kushuka hadi 1/8, na mbega juu ya tawi hatakusubiri. Pandisha ISO hadi 3200 na kasi hiyohiyo inafika 1/250. Ndiyo, utaona chengachenga kwenye vivuli. Lakini chengachenga hupunguzwa na programu, na kwenye picha iliyochapishwa kwa ukubwa wa kawaida hazionekani sana. Manyoya yaliyofutika kwa mtikisiko hayarudi.

Wapo wanaopiga picha ikiwa na giza kwa ISO ndogo, wakitumaini kuiangaza baadaye kwenye kompyuta. Hilo halisaidii: kuiangaza huziangaza na chengachenga, na mara nyingi huwa mbaya kuliko kama ungepandisha ISO palepale.

Dhana: Tundu dogo la lenzi ndilo hutoa picha safi kuliko yote

Si kweli. Kwenye f/22 mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo, na picha nzima hulegea. Tena kutoka f/8 hadi f/22 unapoteza hatua tatu: 1/250 inakuwa 1/30, na mkono unaanza kuonekana. Lenzi nyingi hutoa kazi yake bora kati ya f/5.6 na f/8.

Upande wa pili nao una mtego. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu na kamera ya sensa ndogo, eneo lililo safi lina kina cha sentimita 6 hivi. Ukifokasi jicho kisha ukayumba mbele kidogo, sikio litatoka safi na jicho halitasomeka. Weka f/2.8 au f/4, na upige mara tu fokasi inaposhika.

Dhana: Egemea chochote kigumu, mradi kimesimama

Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru hushuki garini isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, kwa hiyo dirisha ndilo egemeo lako. Ila injini ikiwaka, mlango mzima unatetemeka, na lenzi ya milimita 300 italipokea hilo moja kwa moja. Zima injini, shusha kioo chote, waombe wenzako wasijigeuze kwenye viti. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, utie kilo moja na nusu hadi mbili za mchele au maharagwe, ukiacha robo ya mfuko wazi ili ukubali umbo la lenzi. Mfuko uliojazwa hadi kukakamaa hauna faida, kamera inateleza juu yake.

Kwenye boti ni kinyume. Usiweke viwiko kwenye ukingo; keti, bana viwiko mbavuni, na mwili wako utameza mtetemo. Mwombe nahodha azime injini.

Na kuna ukungu usio na dawa mkononi mwako: flamingo walio mbali wakati wa adhuhuri. Hewa moto juu ya matope ya ufukweni hucheza, na hakuna tripodi wala lenzi ya bei itakayoinyoosha. Ingia lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, au usogee karibu zaidi.

Dhana: Bila vifaa vya bei huwezi

Kushika vizuri ni bure. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, kiganja juu, miguu iachane, na ubonyeze mwishoni mwa kutoa pumzi. Piga mfululizo wa picha tatu au nne, kwani ile ya kwanza mara nyingi hubeba msukumo wa kidole. Kwa simu, futa lenzi, tumia kamera kuu badala ya kuvuta kwa vidole, na uweke saa ya kujipiga yenyewe ya sekunde 3.

Kwenye hadwea nunua bolti fupi ya robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi, uifunge kamba inayofika chini, kisha uikaze kwenye tundu lililo chini ya kamera. Kanyaga kamba, ivute kamera juu hadi ikaze, kisha piga. Mtikisiko wa juu na chini unapungua. Usikubali bolti ya M6 hata muuzaji akisema zinafanana, itakula nyuzi za kamera. Isiingie zaidi ya milimita 5 hivi.

Shata ikihitaji kukaa wazi zaidi ya nusu sekunde, kama kwa nyota juu ya ukingo wa kreta ya Menengai, mkono haufai tena. Laza kamera kwenye ule mfuko wa mchele juu ya jiwe, weka saa ya sekunde 2, zima kizuia mtikisiko, na usiiguse hadi shata ijifunge.