Beringi Hutoa Ishara Kabla Haijapiga Kelele

Katika karakana nyingi za Kariobangi na Eneo la Viwanda hapa Nairobi, beringi, yaani pete mbili zenye gololi katikati zinazobeba shafti, hubadilishwa ikishaanza kulia. Fundi hugusisha ncha ya bisibisi kwenye mota, huweka sikio kwenye mpini, akasikiliza. Ni ujuzi wa kuheshimiwa, lakini sikio hupata ubovu uliokwisha kukomaa. Pengine shafti imeanza kulika, na mota ikikwama ghafla waya zake huungua, kazi ikasimama mpaka izungushiwe waya upya. Kipimo cha mtetemo kinaweza kutoa onyo wiki kadhaa mapema, na kwa mashine nyingi hata miezi.

Ubovu huanza kwa ufa mdogo chini ya uso wa chuma, pale gololi zinapopita. Baadaye kipande chembamba hubanduka na kuacha kishimo. Kila gololi inayopita hapo hugonga, na pigo hilo, hata liwe dogo namna gani, huifanya mota nzima ivume kama sufuria iliyogongwa kwa kijiko. Mvumo huo ni wa maelfu ya mitikisiko kwa sekunde na hufifia upesi. Halafu gololi inayofuata inafika.

Tuchukue mota ya kilowati 1.5 inayozungusha feni ya kutoa vumbi la mbao, yenye beringi namba 6205. Beringi hiyo ina tundu la milimita 25 na gololi 9. Mota ikizunguka mara 1,440 kwa dakika, shafti huzunguka mara 24 kwa sekunde. Keji inayobeba gololi huenda polepole zaidi, takriban mara 9.56 kwa sekunde. Zidisha kwa gololi 9: kishimo kikiwa kwenye pete ya nje, kitagongwa mara 86 kila sekunde. Kikiwa kwenye pete ya ndani, ambayo inazunguka na shafti, ni mara 130. Kwa hiyo mtambo wenyewe hutuambia ni pete ipi imeumia, na hakuna nati hata moja iliyofunguliwa. Feni isiyo na mizani ingetikisa kwa hezi 24, yaani mara 24 kwa sekunde, na umeme wetu wa hezi 50 huacha alama yake kwenye hezi 100, kwa hivyo si rahisi kuzichanganya.

Kuyatenganisha masafa hayo, yaani idadi za mitikisiko kwa sekunde, tunatumia hesabu iliyotokana na kazi ya Mfaransa Joseph Fourier ya mwaka 1822. Kompyuta zilianza kuifanya kwa kasi baada ya Wamarekani Cooley na Tukey kuchapisha njia yao ya mkato mwaka 1965.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanunuzi wa vifaa hupenda kipimo kinachotoa namba moja ya kasi ya mtikiso, milimita kwa sekunde, chenye taa ya kijani na nyekundu. Namba hiyo hugundua vizuri feni isiyo na mizani au puli zilizopinda. Beringi iliyoanza kuharibika huipita bila kuonekana, kwa sababu nguvu ya pigo moja ni ndogo mno kando ya mtikiso wa mashine nzima. Inabidi tuchuje masafa ya chini, tubaki na ule mvumo wa juu, kisha tuhesabu unapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde. Hapo ile 86 hujitokeza waziwazi. Ukimwita mtaalamu apime mashine zako, mwombe grafu ya masafa. Usikubali namba moja peke yake.

Simu nayo haitoshi. Kihisi cha mwendo cha simu nyingi huchukua vipimo mia chache tu kwa sekunde, na hakiwezi kuona mtikiso unaozidi nusu ya idadi hiyo. Tumia kihisi cha viwandani, kikae kwa sumaku imara karibu na beringi, mahali palepale kila mara, mashine ikiwa na mzigo uleule. Bila hivyo, kipimo cha leo na cha mwezi ujao havilinganishiki.

Mkanda nao ukaguliwe, kwa kuwa ukikazwa mno huongeza mzigo kwenye beringi. Kwa beringi za gololi, mzigo ukiongezeka maradufu maisha yake hushuka hadi sehemu moja ya nane, na nimeona mikanda mingi iliyokazwa kama waya wa gitaa.

Na beringi iliyotolewa isitupwe. Ikate, uifute grisi, uitazame mchana. Vibonyeo vyenye nafasi sawa na ile ya gololi mara nyingi humaanisha iligongwa kwa nyundo wakati wa kufungwa. Mistari iliyopangana kama vipandio vya ngazi ni dalili ya umeme kupita ndani yake, jambo la kawaida kwa mota zinazoendeshwa na kidhibiti cha kasi. Mota hizo, hata ukizifunga beringi mpya za bei ghali, beringi zitaharibika vilevile mpaka umeme huo upewe njia nyingine ya kwenda ardhini.