Sabuni ngumu ya kunyolea haiyeyuki kama nta

Kipande cha sabuni kisichoenea vizuri kwenye bakuli ni kero. Kinateleza, brashi inakikimbiza huku na huku, na maji yanatuama chini yake hadi upande wa chini unakuwa uji. Wengi hukimbilia jiko ili waiyeyushe na kuimimina bakulini. Kabla hujawasha, tambua kwanza una sabuni ya aina gani.

Sabuni ya gliserini, ile inayopitisha mwanga, ni rahisi: ikate vipande, ipashe kwenye maikrowevu sekunde 10 kwa 10 huku ukiitazama, kisha imimine. Ile nyeupe, nzito, iliyosagwa kwa rola za mashine na kushindiliwa kiwandani ni habari nyingine. Hiyo ni chumvi za sodiamu na potasiamu za asidi za mafuta, hasa asidi ya steariki, na ndani yake yamebaki maji kidogo tu. Ukiipasha ikiwa kavu haigeuki kimiminika. Pembeni inalegea, inapiga rangi ya manjano na kuungua, na katikati bado ni ngumu. Kinachoilainisha ni maji; kazi ya moto ni kuyasaidia yapenye.

Kwa hiyo, kama unataka kujaza bakuli tu, usiyeyushe. Ikwaruze sabuni kwa matundu madogo ya kikwaruzo. Kwa gramu 100, nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha maji, funika nusu saa, kisha ikande kwa mkono. Ishindilie bakulini kidogo kidogo, ukianzia kwenye kingo, maana hewa hupenda kujificha hapo. Iache wazi siku mbili. Harufu haipotei, na sabuni inabaki karibu na ugumu wake wa awali. Naiona njia hii bora kuliko zote.

Moto una nafasi yake unapounganisha mabaki ya sabuni tofauti au unapotengeneza kijiti cha kunyolea, yaani sabuni yenye umbo la mche inayopakwa moja kwa moja usoni. Changanya gramu 100 za sabuni iliyokwaruzwa na mililita 15 hadi 20 za maji ya moto, funika, iache saa kadhaa. Tumia maji ya mvua au yaliyokenekwa (distilled), kwa sababu kalsiamu ya maji magumu (yenye madini mengi) hushikana na sabuni na kufanya utando usiotoa povu. Kisha weka chombo ndani ya sufuria yenye maji ya moto yasiyochemka. Chombo kiwe cha kioo au chuma kisichoshika kutu. Aluminiamu haifai, alkali ya sabuni huila.

Koroga polepole. Ukiipiga kwa nguvu unaingiza hewa, na sabuni yenye vitundu huisha upesi. Usisubiri itiririke: ikifanana na viazi vilivyopondwa, imeiva. Hapo ndipo watu huongeza maji ili imiminike, na hapo ndipo wanapoiharibu, kwani kila tone utakalotia lazima litoke tena, na likitoka sabuni inasinyaa, inaachana na bakuli na kupasuka. Maikrowevu nayo siishauri kwa aina hii; maji ya ndani hugeuka mvuke ghafla, sabuni inafura na kumwagika.

Shindilia kwenye kifyatulio (kalibu) kilichotandikwa karatasi ya kuokea, kigonge mezani mara kadhaa. Kijiti cha kipenyo cha sentimita 3 kinashikika vizuri. Kikigoma kutoka, kiweke kwenye friza saa moja au mbili.

Manukato hupotea kwa joto. Ukitaka kuyarudisha, yatie wakati sabuni imepoa hadi vuguvugu, yasizidi gramu 1 kwa gramu 100. Mafuta ya nazi au ya zeituni usiongeze, yanaua povu.

Kausha kivulini, mbali na feni. Jua hukausha ngozi ya nje kwanza, nayo hupasuka. Pima uzito kila wiki. Ukiona haupungui tena, anza kuitumia.