Stenlesi ya nje ikibadilika rangi: soma doa kabla ya kulisugua

Mteja akinipigia simu kusema reli zake za roshani zimeshika kutu, swali langu la kwanza ni hili: doa liko sehemu gani? Siulizi ukubwa wake wala reli iliwekwa lini. Mahali doa lilipo ndipo panaponionyesha limetoka wapi. Kwa kazi ninazoziona Kampala, Entebbe na Jinja, mara nyingi halikutoka kwenye chuma chenyewe wala kwenye mvua. Limetoka karakana, kwa mafundi wa vigae, au kwenye ndoo ya msafishaji.

Stenlesi haikupakwa rangi wala haikuchovywa kwenye kitu. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hujitengenezea ngozi nyembamba mno, ya nanomita chache tu, isiyoonekana kwa macho. Ukiikwaruza, inajirudisha yenyewe, mradi uso ni safi na hewa inaufikia. Kwa hiyo ukiona kahawia, ama ngozi hiyo imeshindwa, ama kuna kitu kingine kinachooza juu yake. Ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Watu wa Mombasa na Dar es Salaam wana adui wa wazi: chumvi inayokuja na upepo wa bahari. Huku kwetu Ziwa Viktoria ni maji baridi, na stenlesi ya 304 (daraja la kawaida la stenlesi) iliyotengenezwa vizuri inatakiwa kukaa nje miaka mingi bila shida kubwa. Mahali pa kuangalia kwa jicho tofauti ni Ziwa Katwe kule Kasese (si Katwe ya mafundi wa Kampala), ambako watu wamevuna chumvi kwa karne nyingi. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa pale kilisimama, na sababu inayotajwa sana ni mabomba kuliwa na maji ya chumvi. Kwa nyumba ya Bugolobi au Ntinda, chumvi ya namna hiyo haipo. Reli ikigeuka kahawia baada ya msimu mmoja wa mvua, mara nyingi kuna mtu ameifanyia kitu.

Sogea karibu uangalie. Ukikuta vitone vidogo vyekundu vimetawanyika upande mmoja wa bomba, kama vimerushwa, hizo ni cheche za grainda. Karakana nyingi hukata mageti na madirisha ya chuma cha kawaida kwenye meza ileile inayotengeneza stenlesi. Cheche ni chembe za chuma zilizowaka. Zikitua kwenye stenlesi zinang'ang'ania, na umande wa kwanza unazigeuza kutu. Ukipitisha ukucha juu yake utahisi ukwaru mdogo. Mwenye nyumba mmoja wa Entebbe aliniambia, "Fundi, mmeniletea bati lililopakwa." Nilimwonyesha kwamba bomba lilikuwa zima. Kilichooza ni vumbi la geti la jirani, lililokatwa hatua chache kutoka pale reli zilipokuwa zimelazwa. Brashi ya waya ya chuma cha kawaida, na zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, hufanya kosa hilohilo: unasugua kutu moja huku ukipandikiza nyingine.

Kahawia ikianzia chini kabisa, pale nguzo inapokutana na sakafu, uliza kuhusu vigae. Fundi wa vigae akimaliza huondoa mabaki ya saruji kwa asidi ya haidrokloriki, na vitu vichache ni vibaya kuliko hicho kwa stenlesi. Si lazima imwagike juu yake. Mvuke wake tu, ndani ya chumba kilichofungwa, unaweza kuipa stenlesi yote iliyomo rangi ya chai. Jik nayo ina kloridi, ile klorini iliyomo pia kwenye chumvi na kwenye asidi hiyo, inayoitoboa ngozi ya stenlesi. Msafishaji anayefuta reli kwa Jik kila asubuhi bila kuisuuza anaiua taratibu, na yeye anaamini anaitunza. Hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi ndiye mtu pekee anayeijali reli hiyo.

Kahawia inayofuata mshono wa kuchomelea ni habari nyingine. Zile rangi za manjano, zambarau na bluu kando ya mshono huonekana kama pambo, lakini zinatokana na kromiamu iliyovutwa na joto kuja juu, ikaacha chuma cha chini yake kikiwa na kromiamu pungufu. Mshono usiosafishwa ndipo kutu huanzia. Kupangusa kwa kitambaa hakusaidii. Lazima tabaka hilo liondolewe, kwa diski mpya ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, au kwa dawa ya asidi. Dawa hiyo mara nyingi ina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi ya mtu hadi mfupani. Mwachie fundi aliyefunzwa mwenye vifaa. Nyumbani usiiguse.

Halafu kuna kahawia laini, iliyosambaa, inayokaa upande wa chini wa reli na chini ya paa la baraza, huku upande wa juu ukiwa unang'aa. Mvua haifiki pale. Vumbi jekundu la murramu na moshi wa makaa hukaa, hunyonya unyevu wa usiku, na ngozi inakosa hewa. Wengi hushangaa kwamba mahali panapolindwa na mvua ndipo panapochafuka, lakini mvua zetu za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ni msafishaji asiyelipwa. Hapa msasa nao una lawama. Uso uliomalizwa kwa msasa namba 80 una mifereji inayoshika uchafu. Ukiendelea hadi 320 na zaidi, kisha ukang'arisha, maji yanateremka na uchafu wake. Kama unataka mistari ionekane, ielekeze juu kwenda chini.

Kuhusu daraja la chuma: sumaku dukani haikuambii unachotaka kujua. 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, na kwa kawaida haivutwi na sumaku. Lakini 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na manganizi kuongezwa ili bei ishuke, nayo haivutwi. Muuzaji anaweka sumaku, inaanguka, anasema, "Umeona, bosi?" Hujaona kitu. Omba cheti cha kiwanda, au tumia dawa ya matone inayobadilika rangi ikikuta manganizi. 316 ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3 na huvumilia kloridi zaidi. Kwa reli za bwawa la kuogelea ningeilipia bila kusita.

Sasa kusafisha. Anza na maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ukifuata mistari ya chuma. Kahawia ikibaki, chukua chumvi ya ndimu (asidi ya sitriki ya unga, si chumvi ya kula), gramu 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Vaa glavu na miwani. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha paka, weka unyevu kwa dakika 20 hivi bila kuiacha ikauke, sugua kwa brashi ya nailoni, suuza kwa maji mengi, futa ikauke. Asidi hii huyeyusha chembe za chuma zilizokwama na kuipa ngozi nafasi ya kujirudisha. Funika terazo na marumaru zilizo chini, maana itazila. Na kamwe usiichanganye na Jik, wala kuipaka mahali palipotoka kupakwa Jik, kwa sababu gesi ya klorini inayotoka inaweza kuua. Kama ni asidi ya vigae iliyorukia reli leo, usingoje: maji mengi, kisha soda ya kuokea iliyokorogwa kwenye maji, kisha maji tena.

Mafuta na vanishi sivipendi kwa nje. Mafuta hushika murramu ndani ya wiki, na vanishi ikianza kubanduka huhifadhi unyevu chini yake.

Kwa anayejenga sasa, pigania mpangilio wa kazi: reli zifungwe baada ya vigae kuoshwa, na grainda ikae mbali. Karatasi ya plastiki inayolinda mabomba ibaki hadi kazi za vumbi ziishe, lakini isikae juani miezi, gundi itaungua na kukwama. Kabla ya kulipa salio, zungushia kitambaa cheupe cha pamba kilicholowa maji safi kwenye sehemu chache za reli, hasa penye mishono, ukiache usiku kucha kikiwa na unyevu. Asubuhi kikiwa na vitone vya kutu, mwite fundi aje na chumvi ya ndimu kabla hujatoa pesa.