Klarineti baada ya matanga

Nafundisha kwaya hapa Moshi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Muda wote huo niliamini muziki wa kufariji lazima uwe na maneno. Kwaya inasimama msibani, inaimba kwamba tutaonana tena, watu wanafuta machozi, basi.

Tulipomzika baba kihambani, kwenye shamba la ukoo, niliimbisha mwenyewe. Sikulia. Matanga yalipoanuliwa na masufuria kurudishwa kwa majirani, usiku nikakaa mbele ya televisheni pasipo kuitazama. Ilikuwa Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack ya 1985 kuhusu shamba la kahawa la Karen Blixen kule Ngong. Siipendi sana, Waafrika humo ni kama sehemu ya mandhari. Ila ghafla ikaingia sauti ya chombo kimoja, laini, ikipanda kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Nikaongeza sauti. Machozi yakaja yenyewe.

Baadaye nikajua ni Adagio, sehemu ya pili, ya mwendo wa polepole, ya koncheto ya klarineti ya mtunzi Mozart, yaani kazi ambamo chombo kimoja kinaongoza na okestra inakisindikiza. Klarineti hulia kwa utete kama zumari, lakini ina utete mmoja, na bomba lake halipanuki sana mpaka karibu na mdomo wa chini, sauti inakotokea, hivyo noti zake za chini ni nene na tulivu. Mozart aliiandika kwa ajili ya rafiki yake Anton Stadler, mpiga klarineti. Hakuweka tarumbeta wala ngoma.

Nilipoipata nota yake nilishangaa: ni D meja, mapigo matatu. Meja, ngazi ya sauti za furaha! Sisi tukitaka huzuni tunakimbilia maina. Halafu tazama mpangilio. Klarineti inasema maneno yake kwa vipimo vinane, fidla zikiisindikiza chini chini. Kisha okestra nzima inayarudia yale yale, vipimo vinane. Haiongezi hoja, haitoi mawaidha. Ni jirani aliyeingia uwanjani, ukamweleza baba alivyofariki, naye akakurudishia: "Kwa hiyo alifariki alfajiri." Ndivyo watu wanavyokaa na mfiwa.

Wengine husema Mozart alikuwa akijiombolezea, kwa kuwa alifariki tarehe 5 Desemba 1791, miezi miwili tu baada ya kazi hii. Mimi sikubali. Katika barua kwa mkewe Oktoba ile anasimulia kwamba amecheza biliadi, ameuza farasi wake, amekunywa kahawa nyeusi na kuvuta kiko, kisha akaigawia ala za okestra karibu sehemu yote ya mwisho ya koncheto hii. Baba, aliyepogoa mibuni maisha yake yote, angempenda kwa hiyo kahawa.

Juzi, kabla ya mazoezi, niliiweka kwenye simu juu ya kinanda, wanakwaya wasikilize. Ilipoisha, mzee mmoja wa besi akakohoa.

"Mwalimu, ni nzuri. Sasa maneno yake utatuandikia lini?"