Klachi ya Feni Haichomelewi

Nimechoka kupokea magari yenye klachi ya feni, kile kiungo kinachounganisha feni ya kupoza rejeta na injini, iliyochomelewa, au iliyotobolewa ikapigwa bolti ili feni ishikane moja kwa moja na pampu ya maji. Maelezo ya mwenye gari huwa yale yale: "Ilikuwa inateleza, fundi akaifunga." Kuteleza ndiyo kazi yake. Mtu akiifunga hajaitengeneza, ameiondoa kazini. Hizi hapa dhana potofu ninazozisikia kila siku, moja moja, na majibu yangu.

"Feni nzuri ni ile inayozunguka sawa na injini muda wote"

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ndani ya klachi ya kawaida ya mafuta hakuna sahani za kusuguana kama zile za klachi ya gia. Kuna rota inayozungushwa na injini, kuna bodi inayobeba feni, na katikati yake kuna mifereji myembamba iliyoingiliana bila kugusana. Kinachopitisha nguvu ni mafuta mazito ya silikoni. Yakijaa kwenye mifereji hiyo, rota inayakokota, nayo yanaikokota bodi, feni inavuta upepo. Yakirudi kwenye chemba ya akiba, feni inabaki kuzungushwa na mabaki tu.

Mwenye kuamua mafuta yaende wapi ni ile springi ya koili iliyo usoni mwa klachi, katikati kabisa, inayotazamana na rejeta. Imetengenezwa kwa metali mbili zilizoshikanishwa, na kila moja hutanuka kwa kiasi chake. Hewa ya moto ikiipiga, inajisokota. Inapojisokota inazungusha kipini kidogo, kipini kinafungua valvu, mafuta yanaingia kazini. Hewa ikipoa valvu inafunga, na mafuta yaliyotupwa pembezoni na mzunguko yanakombwa na kurudishwa akiba kupitia tundu dogo. Hakuna waya wala kompyuta hapo.

Hata ikishika kabisa, klachi hii bado inateleza. Kwa nyingi, feni hufikia takriban asilimia 70 hadi 90 ya mizunguko ya kinachoiendesha. Ikiachia, hushuka hadi kama asilimia 20 au 30. Joto linalotokana na kuteleza huko hutolewa na yale mapezi ya alumini kwenye mwili wa klachi, ndiyo maana nakasirika nikiyakuta yamegandiwa na tope na grisi.

Kwa nini watengenezaji wahangaike hivyo? Kwa sababu nguvu inayoliwa na feni haipandi kwa hesabu ya kujumlisha. Ukiongeza mizunguko mara mbili, nguvu inapanda mara nane. Feni inayokula kilowati 1 kwa mizunguko 1500 kwa dakika itakula kilowati 8 kwa mizunguko 3000. Nguvu hiyo inatoka kwenye petroli au dizeli unayonunua. Halafu yote inapotea bure, maana gari likishakimbia barabara kuu, upepo wa mbele peke yake mara nyingi unatosha kupoza rejeta.

Tuje kwenye usalama. Nguvu inayotaka kuyang'oa mapanga ya feni hupanda kwa mraba wa mwendo: kwa mizunguko 4500 ni mara nne ya ile ya 2250. Mtengenezaji alipopima uimara wa feni alijua klachi itaizuia isifike kila inakofika injini. Ukichomelea, umeondoa kizuizi hicho. Siku dereva akipiga resi, panga la plastiki lenye ufa karibu na kitovu linaweza kukatika likapasua rejeta, likatoboa boneti, au likamkuta aliyeinamia injini. Tafadhali usisimame ubavuni mwa feni, usawa wa mapanga, injini ikipigwa resi. Hata panga lisipokatika, beringi ya pampu ya maji inabeba mzigo usio wake, na feni belti inapiga kelele kila ukikanyaga mafuta ghafla. Ukiingia kwenye maji ya kina, feni yenye klachi hupunguza mwendo inapokutana na maji, ila iliyofungwa inaendelea kukata kwa nguvu, mapanga yanapinda kuelekea mbele na kula rejeta.

Najibiwa: "Lakini gari lilikuwa linachemsha, na sasa halichemshi." Sawa, pengine klachi ilikuwa imekufa kweli. Basi dawa ni klachi nzima. Mara nyingine klachi haikuwa na kosa: rejeta ilikuwa imeziba, na feni inayovuma muda wote inaufidia ugonjwa huo mpaka siku gari litakapopakiwa na kukutana na mlima. Baadhi ya klachi za malori huja na mahali pa kuweka bolti za dharura, na hizo zimewekwa zikufikishe gereji tu.

"Ukiweza kuisimamisha feni kwa gazeti au kitambaa, imekufa"

Acheni kipimo hiki, kinakata vidole. Halafu hakipimi kitu. Injini ikiwa haijapata moto, ukiacha dakika moja au mbili za kwanza baada ya kuwasha, klachi inatakiwa iwe imeachia, na feni iliyoachia huzuilika kwa urahisi.

Pima hivi. Injini ikiwa na joto la kazi, izime, toa ufunguo, kisha zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa igome. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa baada ya kuisukuma mara moja, klachi haishiki. Ishike pia kwenye ncha za mapanga uitikise mbele na nyuma. Ikicheza sana, beringi ya klachi au ya pampu imechoka. Tazama na usoni mwake: michirizi myeusi yenye vumbi inayotoka katikati kwenda pembeni ni mafuta ya silikoni yanayovuja.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha sikio. Ziba sehemu ya mbele ya rejeta kwa kadibodi, shikilia injini kwenye mizunguko 2000 hivi, na usiondoe jicho kwenye geji ya joto. Kabla mshale haujapanda sana, utasikia feni ikibadilisha sauti na kuanza kuvuma kama upepo mkali. Toa kadibodi, na baada ya muda mvumo ushuke. Mshale ukikaribia nyekundu feni ikiwa bado kimya, ondoa kadibodi mara moja. Jibu umeshalipata.

"Klachi inasoma joto la maji"

Klachi hii ya koili haisomi maji, inasoma hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Kwa klachi nyingi valvu huanza kufunguka pale hewa hiyo inapokuwa kati ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi, wakati maji ndani ya injini ni moto zaidi ya hapo. Tofauti hii si ndogo. Rejeta ikizibwa na tope na wadudu kwa nje, hewa ya moto haiifikii koili vizuri: maji yanakaribia kuchemka na klachi bado inadhani mambo ni shwari. Wengi hubadilisha klachi nzima kwa tatizo la kuoshwa tu.

Ndiyo maana sichoki kusema: osha rejeta, tena kwa maji yasiyo na presha kali, ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Usisahau nafasi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, kwa sababu uchafu mwingi hujificha hapo. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni lirudishwe. Mafundi hulitupa kwa kuwa linawazuia kufikia belti, na likishatolewa feni huanza kuvuta hewa iliyo pembeni yake badala ya kuivuta kupitia rejeta.

"Ikinguruma asubuhi, imeharibika"

Hapana. Gari likilala, mafuta hurudi kwenye mifereji ya kazi. Ukiwasha, feni huvuma kwa dakika moja au mbili mpaka mafuta yakombwe kurudi akiba. Ikivuma safari nzima hata hewa ikiwa baridi, hapo kuna tatizo.

"Ijaze oili ya injini, itashika"

Haitashika. Oili ya injini hulegea sana ikipata moto, na moto ndio wakati unaoihitaji klachi ishike. Silikoni hubadilika kidogo tu, na huuzwa ikiwa nzito au nyepesi kutiririka kulingana na klachi. Ukiweka isiyo yake, umebadilisha tabia ya klachi nzima.

"Gari linachemsha barabara kuu, ni klachi"

Kwa mwendo wa kasi, barabara tambarare, feni ina kazi ndogo. Kagua rejeta, thamostati, pampu na gasketi ya silinda hedi kwanza. Shuku klachi pale gari linapochemsha kwenye foleni, au likipanda mlima polepole na mzigo.

"Klachi za umeme na za upepo zikivuma muda wote zimekufa"

Hizi si za koili: huendeshwa kwa umeme au kwa upepo wa kujazwa kwa presha, na valvu huamriwa na kompyuta ya injini, inayotazama joto la maji, kiyoyozi na mambo mengine. Nyingi zimeundwa ili zikikosa amri zishike, kusudi injini isichemke. Klachi nyingi za malori hushikwa na springi na kuachiwa na upepo, kwa hiyo upepo ukivuja feni haiachii. Feni ikivuma bila kukoma, kagua plagi, waya, fyuzi na mpira wa upepo kabla hujaagiza klachi mpya.