Ubongo unakadiriaje muda bila saa?

Bandika maziwa jikoni, usimame uyatazame mpaka yapande. Kesho yake yabandike tena, ila safari hii piga soga na jirani mlangoni. Sufuria ni ileile na moto ni uleule, lakini siku ya kwanza utaapa kwamba yalichelewa, na siku ya pili utakuta yameshamwagika.

Mwanga una jicho, sauti ina sikio. Muda hauna kiungo chake mwilini. Lipo kundi dogo la seli ubongoni, juu kidogo ya pale neva za macho zinapokutana, linaloongoza mzunguko wetu wa kulala na kuamka wa takriban saa 24. Hilo halikuambii kama umesubiri dakika tatu au tano. Sisi tunaochunguza ubongo kwa kutumia modeli, yaani kwa kuandika hesabu na programu zinazoiga kazi yake, tunataka kujua makadirio hayo yanatoka wapi.

Jibu lililotawala kwa miaka mingi liliwekwa na mwanasaikolojia Michel Treisman mwaka 1963, kisha mwanasaikolojia mwenzake John Gibbon akalipa hesabu zake mwaka 1977. Chukulia bomba linalodondosha maji ndooni, tone baada ya tone. Ukitaka kujua muda uliopita, angalia maji yamefika wapi. Umakini wako ndio unaoshikilia ndoo: ukiyatazama maziwa, kila tone linaingia, ukinogewa na soga, mengi yanaanguka pembeni. Modeli hii inaeleza pia kwa nini kosa letu hukua kadiri muda unavyorefuka. Anayekosea sekunde moja katika kumi hukosea karibu sita katika sitini.

Hata homa iliingia katika hesabu hizi. Miaka ya 1930 mwanasayansi Hudson Hoagland wa Marekani alimuuguza mkewe aliyekuwa na mafua makali. Akitoka kidogo tu, mke alilalamika kwamba ameachwa muda mrefu. Hoagland akamwomba ahesabu sekunde 60 kwa kukisia, na joto la mwili lilipopanda, mama yule alizimaliza mapema zaidi. Bomba lake lilikuwa likidondosha haraka.

Shida ni kwamba bomba lenyewe halijaonekana. Tunajua dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, inahusika, kwa sababu wagonjwa wa Parkinson (maradhi ya kutetemeka), ambao dopamini yao imepungua, huvurugikiwa na makadirio ya muda wanapokuwa hawajameza dawa, na wakimeza hupata nafuu. Lakini hakuna sehemu moja ya ubongo ambayo mtu anaweza kuigusa akasema saa ni hii hapa.

Ndiyo maana kazi iliyotolewa mwaka 2019 na Warrick Roseboom na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, naipa uzito mkubwa. Walichukua programu ya akili mnemba iliyokuwa imefunzwa kutambua vitu kwenye picha, kiti ni kiti, mbwa ni mbwa, bila kufundishwa lolote kuhusu muda. Wakaionyesha video za sekunde 1 hadi 64: mtu akitembea mjini, akiwa mgahawani, akiwa ofisini. Kila mara picha ilipobadilika vya kutosha kuvuka kizingiti, yaani kiwango kilichowekwa ndani ya programu, badiliko hilo liliwekwa kwenye hesabu. Jumla ya mabadiliko hayo ikageuzwa kuwa sekunde. Watu nao walitazama video hizohizo wakakadiria, na makosa yakafanana: vipande vifupi vilirefushwa, virefu vikafupishwa, na barabara yenye pilikapilika ilionekana kuchukua muda mrefu kuliko ofisi tulivu. Hakukuwa na bomba wala ndoo.

Utauliza: kama muda ni mabadiliko, mbona maziwa yasiyofanya lolote yanachosha kuyangoja? Jibu la watafiti hao ni kwamba umakini hushusha kizingiti. Ukikaza macho kwenye sufuria, hata kipovu kidogo kinahesabika. Nalikubali, ingawa kwangu halijatosha, maana programu ile ina macho tu. Mtu aliyefumba macho chumbani bado anahisi dakika zikipita, na hilo linadai modeli yenye masikio, mapigo ya moyo na mawazo.

Tena ubongo hautegemei kinachotokea sasa peke yake, unaingiza na mazoea. Mwaka 2010 watafiti wa ubongo Mehrdad Jazayeri na Michael Shadlen waliwapa watu vipindi vifupi vya muda wavirudie. Kipindi cha milisekunde 847 kilipokuwa kirefu kuliko vyote katika kundi lake, watu walikirudia kwa kukifupisha. Kilipowekwa kwenye kundi ambalo ndicho kifupi kabisa, walikirefusha. Modeli inayochanganya kipimo cha sasa na uzoefu uliotangulia ilikadiria makosa hayo vizuri. Ubongo unajua kipimo chake kina mashaka, kwa hiyo unaegemea kwenye wastani.

Haya yana uzito mkubwa kwa shahidi wa ajali anayeandikisha maelezo polisi, akisema gari liliserereka "kama dakika nzima." Mwaka 2007 watafiti Chess Stetson, Matthew Fiesta na David Eagleman walichapisha jaribio ambalo watu waliachiwa waanguke mita 31 hadi kwenye wavu. Waliulizwa baadaye, wakakadiria anguko lao kuwa refu kwa asilimia 36 kuliko anguko la wenzao walilolitazama. Hata hivyo, wakiwa hewani hawakuweza kusoma tarakimu zinazopepesa haraka kuliko kawaida. Macho yao hayakupata kasi mpya. Kilichorefuka ni kumbukumbu. Shahidi yule hasemi uongo. Muulize nini kilitangulia na nini kikafuata, kisha sekunde zitafute kwenye kamera ya barabarani au kwenye alama za matairi.